Mwanza–Bukoba: Anayelipa nauli ya ndege ananunua saa

Kwa mfanyabiashara wa Mwanza, Bukoba iko ng'ambo tu ya maji. Kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine, kwa mstari ulionyooka, ni kilometa 175 hivi. Ndege ya mapangaboi aina ya ATR 72, ambayo ikiwa juu hufikia mwendo wa kilometa 500 kwa saa, ingemaliza umbali huo kwa dakika 21. Ratiba, hata hivyo, hutaja kama dakika 45, na hapo hakuna abiria anayepunjwa.

Dakika zinazozidi ni za kutembea ardhini, kupanda, kushuka na kujipanga kutua, kazi ambazo hazipungui kwa sababu safari ni fupi. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilometa 850 hivi, nayo ndege hutumia karibu saa moja na nusu. Umbali umezidi karibu mara tano, muda mara mbili tu. Ndiyo maana nauli ya Bukoba ikigawanywa kwa kilometa huonekana kali. Mwekezaji mdogo mwenye hisa za shirika la ndege naye aone hapo: ndege huingiza fedha ikiwa angani, na katika njia fupi sehemu kubwa ya siku yake huishia ardhini.

Hesabu ya mfanyabiashara ianzie mlangoni pake. Kutoka mjini Mwanza hadi uwanjani ni kama kilometa 10. Aweke nusu saa ya njiani, saa moja na nusu ya ukaguzi na kusubiri, dakika 45 za kuruka, na dakika 15 za kuchukua begi na kufika sokoni, kwa kuwa uwanja wa Bukoba uko mjini hapo hapo. Jumla ni saa tatu.

Kwa barabara, kupitia Sengerema, Geita na Biharamulo, ni zaidi ya kilometa 400. Kwa wastani wa kilometa 65 kwa saa, hizo ni saa sita na nusu. Zamani kivuko cha Kigongo–Busisi kiliongeza saa mbili au zaidi siku ya foleni. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilometa 3, sehemu hiyo hupitwa kwa dakika chache.

Kwa hiyo ndege iliyokuwa ikiokoa saa tano na nusu au zaidi sasa inaokoa tatu na nusu. Bidhaa imepungua. Muuzaji yeyote wa soko la Kirumba angeshusha bei, na mashirika ya ndege hayana sababu ya kujiona tofauti. Njia rahisi zaidi kwao ni ratiba: ndege ya asubuhi na nyingine ya jioni, ili mtu aende, akusanye madeni yake na kurudi siku ile ile. Akilazimika kulala gesti, saa alizookoa zimekwisha na fedha ya chumba imemtoka.

Tena ziwa lina hali ya hewa yake. Ajali ya Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 wakafariki, inatosha kumnyamazisha abiria anayenung'unika rubani anapoahirisha safari. Lakini ahirisho lina gharama, na mwenye miadi ya fedha aitie katika hesabu yake.

Kahawa, saruji na vitenge vya marobota vitaendelea kupita darajani. Wa kupanda ndege kwa nauli za namna hii ni mwenye mzigo mwepesi wa thamani kubwa, kama mabondo ya sangara, au fundi aliyebeba kipuri mkononi huku mashine ya kukoboa kahawa imesimama na vibarua wamekaa kivulini wakilipwa.