Gesi Inayopotea Hewani na Taa za Moshi

Mwezi wa Machi 2025, akiwa wilayani Mwanga katika mkoa wa Kilimanjaro, Rais wa Jamhuri ya Muungano aliwaambia wananchi kwamba Serikali yake yakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia, upitie Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Sababu aliyoitoa ni kuwa umeme unaosafirishwa hadi huko hupotea njiani, na khasara yake kwa mwaka ni shilingi bilioni 32. Watu walizozana sana juu ya Ethiopia, wengine wakaona ni aibu, wengine wakaona ni busara. Sisi tunaona kwamba jambo kubwa katika maneno yale ni ile hesabu, kwani si mara nyingi wenye madaraka kuutaja upotevu wao wenyewe kwa tarakimu.

Huenda msomaji akauliza, gazeti dogo la visiwani lina nini na Moshi? Linayo mengi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamefungua maduka katika mji ule, na mwandishi wa maneno haya ni mmoja wao. Tena Moshi na Unguja hali yao ni moja: wote wawili wako mwisho wa waya. Taa za Moshi hutegemea kituo cha Kiyungi, ambacho hupokea nguvu kutoka mbali, kwani bwawa la jirani la Nyumba ya Mungu hutoa megawati 8 tu. Taa za Unguja hutegemea waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wa kwanza mwaka 1980 na wa pili mwaka 2013. Hapana haja ya kuwakumbusha wanachama miezi mitatu ya kiza, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Aliye mwisho wa waya ndiye hufikiwa na khasara yote iliyotendeka mwanzo wake.

Na khasara haianzii katika waya. Huanzia katika mtambo. Mtambo wa gesi, ambao mafundi huuita turbaini, kazi yake si ya siri: huvuta hewa, huishindilia, huichoma pamoja na gesi, na moto ule hupita kwa nguvu ukazungusha mapanga, na mapanga yakazungusha jenereta. Moshi wake hutoka ungali na joto la mamia ya digrii. Ukiuachia ukaenda zako, basi katika kila magunia kumi ya gesi uliyoyanunua umepata kazi ya magunia manne au chini yake. Sita yamekwenda kuwapasha joto kunguru. Lakini ukiunasa moshi ule, ukachemshia maji, na mvuke wake ukazungusha mtambo wa pili, unapata zaidi kwa gesi ile ile. Huko Kinyerezi, Dar es Salaam, yapo mambo yote mawili. Mtambo wa kwanza, wa megawati 150, uliozinduliwa mwaka 2015, ulijengwa kwa njia ile ya kuachia moshi. Wa pili, wa megawati 240, uliozinduliwa Aprili 2018, unanasa moshi na kutumia mvuke. Mwenye duka asiyejua kuandika hata jina lake angeuliza: yale ya kwanza mbona yaliachwa yavuje?

Wenzetu wa ng'ambo waliuliza. Mtambo wa kwanza wa namna hii kutoa umeme kwa mji ulifanyiwa majaribio mwaka 1939, wa Neuchâtel katika Uswisi, nao ulipata kama sehemu 17 tu katika mia. Leo ile iliyo bora kabisa, inayounganisha gesi na mvuke, inapita sehemu 60 katika mia: Irsching katika Ujerumani mwaka 2011, Bouchain katika Ufaransa mwaka 2016, Nagoya katika Japani mwaka 2018. Maendeleo hayo hayakuletwa na wafanyabiashara peke yao. Serikali ya Marekani, ambayo kila siku huwahubiria wengine kwamba soko litafanya kila kitu, ilianzisha mwaka 1992 mpango wa uchunguzi na ikatia fedha za hazina pamoja na General Electric na Westinghouse, ili kuvuka kiwango hicho cha 60. Serikali ya Japani nayo imeugharimia kwa miaka mingi uchunguzi wa mitambo inayostahimili moto wa digrii 1,700. Serikali hizo zilijua kwamba faida ya ilimu ya namna hii huchelewa, na mfanyabiashara hapendi kungoja.

Tutaambiwa: wao wamekwisha kuchunguza, kazi yetu ni kununua. Maneno haya ni nusu ya kweli. Mitambo hii hupimwa nguvu zake kwa hewa ya digrii 15, kama ya Ulaya. Dar es Salaam adhuhuri ni digrii 30 na zaidi, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo mtambo hupumua kidogo na nguvu zake hupungua. Ukiupeleka Moshi, ambako hewa ni baridi kuliko ya pwani, utakuta mji uko zaidi ya mita 800 juu ya bahari, na hewa ya mlimani ni nyepesi kwa sababu ya kimo. Katika nchi kavu hewa huweza kupozwa kwa kunyunyizwa maji kabla haijaingia mtamboni. Pwani yetu, yenye hewa ya majimaji na chumvi, dawa hiyo haifai sana, na chumvi huganda katika mapanga. Haya ni maswali yetu wenyewe. Nani katika Berlin atakesha usiku kwa ajili ya chumvi ya Fumba?

Wengine watasema kwamba bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye megawati 2,115 na lililokamilika mwaka 2025, limeifuta haja ya gesi. Hawa wamesahau upesi. Mwaka 2006 mvua zilipokosekana mabwawa yalikauka, na kwa pupa ile ukaletwa mkataba wa Richmond, ambao Februari 2008 ulimwondoa Waziri Mkuu katika kiti chake. Rufiji nayo hunywa mvua ile ile. Na gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ni akiba isiyorudi ikishachomwa.

Januari 2007, mjini Addis Ababa, wakuu wa Umoja wa Afrika waliafikiana kwamba kila nchi itumie katika utafiti sehemu moja katika mia ya pato lake. Tanzania haijakifika kiwango hicho. Sisi hatudai kikubwa namna hiyo. Tunadai sehemu moja ya kumi ya ile khasara aliyoitaja Rais mwenyewe, yaani shilingi bilioni 3.2 kila mwaka, iwekwe mbali kwa uchunguzi wa mitambo ya gesi na nyaya zake: fungu moja kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, fungu kwa Taasisi ya Nelson Mandela huko Arusha, iliyo karibu na Moshi, na fungu kwa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia hapa Unguja. Fedha hizo zikaguliwe, na matokeo yake yachapwe kwa Kiswahili.

Kwa Serikali ya Zanzibar tuna neno la zaidi. Ina sheria yake ya mafuta na gesi tangu mwaka 2016, na Oktoba 2018 ilitia saini mkataba wa utafutaji na RAK Gas. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaosoma karatasi hii tunawaomba wamuulize Waziri katika kikao kijacho: ni vijana wangapi wa visiwani wanaosomeshwa kazi ya mitambo hii hivi sasa, na kwa fungu gani la bajeti?