Gurudumu Nalo Lina Mizani Yake

Wazee wetu hawakulichukia pambo. Asiyeamini na ende Lamu akaitazame milango ya nyumba za kale, aone mbao zilivyochongwa maua na mashada, au awaulize waliobahatika kuyaona majahazi yakitia nanga Bandari ya Kale hapa Mombasa, na tezi zake zimetiwa nakshi. Kwa hivyo asidhani msomaji kwamba leo nimeshika kalamu ili niwagombeze vijana kwa kutaka magari yao yapendeze machoni. La hasha. Uzuri ni neema, na mwenye macho huupenda.

Lakini nahodha aliyetaka tanga kubwa zaidi alijua kuwa hana budi kuufikiria mlingoti nao, na farumi iliyoko chini ya ngama. Hakuongeza juu akasahau chini. Akili hiyo ndiyo ninayoiona inatupotea katika jambo hili la kutia rimu kubwa magarini.

Nina mpwa wangu aliyekuwa na gari dogo la saluni, lililokuja na matairi ya 195/65 R15. Akapendezwa na rimu za inchi 17, zinazong'aa kama sinia la harusi. Akazinunua, na muuzaji akamtilia matairi yaliyokuwapo dukani siku ile, 215/55 R17. Kijana akauliza, “Yanaingia?” Akajibiwa, “Yanaingia.” Basi, maneno yakaisha hapo, fedha zikatoka.

Wiki mbili baadaye ikaja arusi ya jamaa zetu Malindi. Gari likapakia watu watano, akina mama watatu miongoni mwao, na vikapu na mabegi nyuma. Tangu Mtwapa, kila walipopita kwenye bonde la barabara walisikia mkwaruzo, kisha harufu ya mpira ulioungua. Walipofika Kikambala mamangu mdogo akaamrisha gari lisimame. Waliposhuka na kutazama, tairi la nyuma lilikuwa limelika begani kwa kusuguana na madigadi hata nyuzi zake zikaonekana. Alhamdulillahi, halikupasuka. Nikaha ilisomwa wao wakiwa kando ya njia, wamekalia mabegi yao.

Kijana aliponieleza alisema, “Mjomba, aliniambia yanaingia.” Nikamjibu, “Kuingia yaliingia, mwanangu. Hukumwuliza kama yatazunguka.”

Tulipokuwa chuoni mwalimu hakuturuhusu kulisoma neno kabla ya kuzitambua herufi zake na irabu zake moja moja. Aliyeruka alirudishwa mwanzo. Nambari zilizopigwa chapa ubavuni mwa tairi ni maandishi vile vile, na ajabu yangu ni kwamba watu wanaosoma gazeti zima hadi matangazo ya vifo hawajapata kuyasoma matairi yanayowabeba kila siku. Basi na tuzisome pamoja.

Katika 195/65 R15, ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 si milimita. Ni sehemu ya mia ya upana huo, nayo ndiyo kimo cha ubavu, yaani ule mpira ulio baina ya chuma na barabara. Sehemu 65 katika mia za 195 ni milimita 127 hivi. Herufi R yaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni inchi za rimu. Chukua inchi hizo 15, ambazo ni milimita 381, ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini, utapata gurudumu zima lenye kimo cha milimita 634 na nusu. Hesabu hiyo ndiyo aliyoijengea gari yule aliyelibuni. Kwayo alipima nafasi ya madigadi, nguvu za breki na mshale wa saa ya mwendo.

Hapa watunzi wenzangu watanielewa upesi. Mshororo wa shairi la tarbia una mizani 16, nane ukwapi na nane utao. Mtunzi akipenda kuingiza neno refu hazuiwi, ila itambidi aondoe jingine ili hesabu ibakie ile ile. Asipoondoa, shairi litachechemea, na mwimbaji atakwama mbele za watu. Gurudumu nalo ni vivyo hivyo. Ukiongeza chuma, punguza ubavu, ili kimo kizima kisibadilike.

Mpwa wangu aliongeza chuma kwa inchi mbili na ubavu akauacha karibu na pale pale. Tairi la 215/55 R17 lina kimo cha milimita 668, yaani limezidi lile la asili kwa milimita 34 hivi, ziada ya zaidi ya sehemu 5 katika mia. Ndiyo sababu madigadi yalimla. Na si madigadi peke yake. Ikiwa saa ya mwendo ilikuwa kweli hapo kwanza, basi mshale ukisema 100 gari linakwenda zaidi ya 105, na dereva hana habari. Breki nazo zinashindana na gurudumu zito na kubwa kuliko lile zililopimiwa.

Kumbe dawa ilikuwapo. Tairi la 205/50 R17 lina kimo cha milimita 637 hivi, na la 225/45 R17 lina milimita 634. Yote mawili yanakaa karibu kabisa na lile la kwanza. Mafundi wengi husema tofauti isipite sehemu 3 katika mia, na mimi naona anayeweza kukaa chini ya sehemu moja ana haja gani ya kuzifikia tatu?

Hata hivyo kimo si mwisho wa maneno. Baada ya nambari hizo kubwa huandikwa nambari ndogo na herufi, kama vile 91H. Wengi huzipita kama hawakuziona, nazo ndizo zenye dhamana ya roho za watu. Nambari 91 ina maana kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 615, na herufi H kwamba limetengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Sasa utaweza kukuta tairi la inchi 17, jipya, zuri, la kimo kinachofaa, lakini limeandikwa 87. Hilo hubeba kilo 545 tu. Umepoteza kilo 70 katika kila pembe ya gari, zaidi ya mfuko mmoja wa saruji. Kijana akiwa peke yake usiku barabara ya Nyali hataona tofauti. Ataiona siku atakapowapakia mama zake. Kanuni yake ni nyepesi: nambari hiyo isipungue ile iliyotoka na gari.

Kisha ziko nambari nne ndani ya duara la mayai, za tarehe ya kuzaliwa kwa tairi. Ukikuta 0917, jua lilitengenezwa wiki ya 9 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala dukani, na jua letu la pwani halimhurumii mtu. Rimu nayo ina upana wake. Tairi la 225/45 R17 hutaka rimu ya inchi 7 hadi 8 na nusu, na ukilivalisha rimu nyembamba zaidi, umemvisha mtu kanzu isiyokuwa yake. Tena matundu ya nati lazima yalingane kwa idadi na kwa nafasi baina yao. Anayeyalazimisha kwa nyundo anacheza na maisha.

Najua nitajibiwa. Vijana wataniambia, “Mzee, rimu kubwa hulifanya gari lishike njia vizuri.” Ni kweli, kwa kiasi. Ubavu mfupi hauyumbi sana gari linapokata kona. Lakini ubavu huo huo ndio mto unaopokea pigo la shimo. Ukiupunguza kutoka milimita 127 hadi 101, pigo ulilokuwa ukilipokea mpira sasa linakipata chuma, rimu ikapinda au nyuzi za ubavu zikakatika na tairi likavimba kama jipu. Kila mtu azijue barabara anazopita. Mwenye kwenda na kurudi kazini juu ya lami nzuri ana nafasi ya kuchagua. Mwenye kupita mashimo kila siku, ushauri wangu ni asivuke inchi moja, na kwa gari kama lile la mpwa wangu 205/55 R16 lingemtosha kwa pambo na kwa usalama.

Wako pia watakaosema ajali ni kadari. Nami naamini kadari. Lakini dini haikutufundisha kumwacha ngamia bila ya kumfunga kisha tukasema tumetawakali. Kufunga kwanza, tawakali baadaye. Na tairi ni kamba ya ngamia wetu wa leo.

Mwisho nina maneno kwa wauzaji, ambao ni ndugu zetu na wengi wao tunaswali nao safu moja. Neno “yanaingia” si jibu la mfanyabiashara mwaminifu. Mnunuzi akija, mpelekeni kwenye mlango wa dereva, maana magari mengi yana karatasi iliyobandikwa hapo yenye vipimo vya matairi na upepo wake. Isomeni naye. Kama tairi linalofaa halipo, mwambieni halipo. Huenda mkapoteza mauzo ya siku moja, lakini asiyejua akiuziwa na anayejua, lawama ni ya nani?

Na kwa vijana nawaachia ubeti mmoja, wautie mfukoni wanapokwenda dukani:

Mwenye gari nakwambia, usivutwe na urembo,
Nambari kuangalia, ndiko kulijua jambo,
Chuma ukizidishia, ubavu punguza umbo,
Roho zilizopakia, si za kufanyia tambo.