Jiko la nyama lishuke roshani, lakini lisiingie ndani

Mwenye nyumba anapobandika tangazo langoni kwamba ni marufuku kuchoma nyama kwenye roshani za fleti zake, wapangaji hulisoma kwa minong'ono. Wengi huona kwamba landilodi amepata njia nyingine ya kuwabana, baada ya kodi, maji na takataka. Naye akiulizwa sababu, hujitetea kwa neno moja: bima. Jumba lenye majiko ya makaa kwenye kila ghorofa, asema, ni mzigo kwa kampuni ya bima, na mzigo huo humrudia yeye katika malipo ya kila mwaka.

Maoni yangu ni kwamba landilodi huyo ana haki ya kuyaondoa majiko hayo roshani, lakini sababu anayoitoa ni ndogo kuliko ile anayoiacha. Na kwa kuwa ameitazama bima pekee, amri yake huishia nusu ya njia. Jiko likikatazwa roshani bila kupewa mahali pengine, huingia sebuleni. Huko ndiko linakoua.

Mji wa fleti

Tuchukue mfano wa Kitengela. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliupata mji huo ukiwa na wakazi wapatao 58,000. Ile ya 2019 iliwapata 154,436. Uwanda ambako ng'ombe na mbuzi wa Wamaasai walilisha, na ambako wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi walipita wakielekea kusini, sasa umejaa majumba ya ghorofa yaliyobanana ukuta kwa ukuta. Wapangaji wake ni watu wanaofanya kazi Nairobi, katika viwanda vya Athi River na katika eneo la EPZ. Hali ni hiyo hiyo Ongata Rongai na Ngong, na mji wa Kajiado wenyewe unafuata nyuma.

Hii ni nchi ya mbuzi. Haiwezekani kumwambia mkazi wa kaunti ya Kajiado aache nyama choma, wala si lazima aiache. Taabu iko mahali pa kuchomea. Yule aliyekuwa akiweka jiko uani, chini ya mti, sasa ana roshani yenye upana wa hatua mbili. Hapo hapo pana kamba ya nguo, ndoo za maji, viatu vya watoto, na mara nyingi mtungi wa gesi uliotolewa jikoni kwa sababu ya ufinyu. Kati ya vitu hivyo vyote ndipo jiko la makaa linapowashwa, pengine kwa mafuta ya taa.

Hesabu ya bima

Tuianze hoja ya bima, kwa kuwa ndiyo inayotajwa. Bima ya moto hupimwa kwa thamani ya jumba. Tuseme, kwa mfano tu, jumba lenye fleti 20 limekadiriwa kuwa la thamani ya Sh40 milioni, na kampuni inatoza Sh1.50 kwa kila Sh1,000. Malipo ya mwaka yatakuwa Sh60,000. Sasa tuseme kampuni imeridhika kwamba hakuna tena majiko ya makaa roshani, ikapunguza sehemu moja kwa kumi. Landilodi ameokoa Sh6,000 kwa mwaka. Zikigawanywa kwa fleti 20, kila moja imepunguza Sh300 kwa mwaka, yaani Sh25 kwa mwezi. Fedha hizo hazitoshi kununua mkebe mmoja wa makaa.

Sisemi kwamba bima ni jambo la kupuuzwa. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu fleti zinazomilikiwa na watu mbalimbali inalitaka shirika la wenye fleti kulikatia jumba bima ya moto. Isitoshe, mwenye jumba akificha hatari anayoijua wakati wa kukata bima, kampuni inaweza kukataa kumlipa siku ya msiba, na hiyo ni hasara kubwa kuliko punguzo lolote.

Lakini mpangaji ajue jambo moja. Bima hiyo ni ya kuta na paa la mwenye nyumba. Kochi lako, televisheni yako, sare za shule za watoto na vyeti vyako havimo, isipokuwa wewe mwenyewe umevikatia bima. Na bima ya mali hutumika hasara ikishatokea. Haiwezi kumrudisha mtu aliyekufa usingizini. Ndiyo maana sikubali mjadala huu uachiwe makampuni ya bima peke yao. Ni mjadala wa afya.

Gesi isiyo na harufu

Makaa yakiwaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikereti koo. Mtu akiivuta, huingia katika damu na kuishika himoglobini, ile chembe inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu hujaa gesi hiyo, na ubongo na moyo hukosa hewa ingawa mtu bado anapumua.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Wengi hudhani ni malaria au uchovu, wakaenda kulala. Aliyelala hana dalili ya kumwamsha. Walio katika hatari zaidi ni watoto, wazee, wenye ugonjwa wa moyo, na mwanamke mjamzito pamoja na mtoto aliye tumboni.

Kuna imani kwamba jiko likishakuwa jekundu na moshi kwisha, ni salama kuingizwa ndani. Imani hiyo imewamaliza watu. Moshi unaoonekana unaweza kwisha na gesi ikaendelea kutoka mpaka makaa yazime kabisa. Na hapo ndipo nyama choma inapokutana na baridi. Kati ya Juni na Agosti uwanda wa Kitengela huwa na upepo unaopenya mifupa. Nyama imekwisha kuliwa, makaa bado yanawaka, watoto wanatetemeka. Kutupa moto mzuri hivyo huonekana ni hasara. Jiko huingizwa chumbani, dirisha hufungwa, na pazia huvutwa. Kila msimu wa baridi hapa Kenya tunasoma habari za watu waliokutwa wamekufa namna hiyo, na jirani zao husema hawakusikia hata sauti.

Hata pasipo msiba wa ghafla, moshi wa kila siku una gharama yake. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Moshi wa roshani ya chini hupanda na kuingia madirisha ya juu, kwa hiyo mtoto mwenye pumu wa ghorofa ya nne huathirika kwa nyama asiyoionja.

"Jiwe haliungui"

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi za nje, ambako nyumba hujengwa kwa mbao. Ni kweli kwamba kanuni za moto zinazofuatwa katika sehemu nyingi za Marekani hukataza majiko ya makaa kwenye roshani zinazoweza kuungua, au karibu ya futi 10, yaani kama mita tatu, na ujenzi wa namna hiyo, huku zikiwaachia wenye nyumba za familia moja au mbili. Lakini London, ambako fleti nyingi ni za matofali na saruji, kikosi cha zimamoto nacho huwaonya wakazi wasichome nyama roshani.

Jiwe haliungui, lakini vilivyomo ndani huungua. Pazia, sponji ya kochi, godoro na dari ya plastiki hushika moto upesi na kutoa moshi wa sumu. Fleti zetu nyingi zina ngazi moja tu ya kushukia, na madirisha yamewekwa vyuma vya kuzuia wezi visivyofunguka. Maji yenyewe katika sehemu nyingi za Kitengela ni ya kisima au ya kuletwa kwa lori. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, na ni haki yetu kuidai. Hata hivyo, gari la zimamoto lazima lipenye barabarani kwanza, kisha lipate maji.

Na kuhusu ule mtungi wa gesi, tusisahau usiku wa Februari 1, 2024 huko Embakasi, Nairobi. Pale palikuwa na lori la gesi wala si mtungi wa nyumbani, lakini mamia ya majeruhi walituonyesha jinsi gesi iliyovuja inavyoutafuta moto. Kuweka makaa yanayowaka kando ya mtungi ni kuualika moto huo nyumbani.

Wengine watasema amri hii inamwonea maskini, kwa kuwa mwenye uwezo ataenda kula nyama kilabuni. Hoja hiyo ina uzito. Gesi yenyewe ilirudishiwa kodi ya VAT ya asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa mwaka 2023, na katika misukosuko hiyo kuna familia zilizorudi kwenye makaa. Mpangaji wa namna hiyo hatasaidiwa na tangazo la langoni. Atalificha jiko lake ndani na kufunga mlango ili keteka asimwone.

Kifanyike nini?

Kwanza, kila amri ya kuondoa jiko roshani iandamane na mahali mbadala. Katika ploti nyingi nafasi ya gari moja inatosha. Pajengwe jiko la pamoja la matofali, mbali na madirisha, mitungi ya gesi na magari, na pawe na ndoo za mchanga na maji. Gharama yake si kubwa kwa mwenye jumba la mamilioni. Wamaasai wenyewe wana desturi ya olpul, ambapo wanaume hutoka nyumbani wakaenda porini kuchinja, kuchoma na kula nyama. Kuchomea nyama mbali na malazi si jambo geni Kajiado.

Pili, amri itaje ndani kabla ya roshani. Iseme wazi kwamba jiko la makaa linalowaka haliruhusiwi katika chumba cha kulala wala sebuleni, usiku au mchana, na ieleze sababu kwa lugha ambayo kila mpangaji anaielewa. Mtu anayejua gesi ile inavyofanya kazi hahitaji keteka wa kumchunga.

Tatu, majivu yasitupwe kwenye pipa la plastiki yakiwa bado moto. Yamwagiwe maji, yapoe kabisa, ndipo yatupwe. Mafuta ya petroli yasitumiwe kamwe kuwashia makaa.

Nne, punguzo lolote la bima lionekane. Landilodi aliyewataka wapangaji wabadili maisha yao kwa ajili ya bima anapaswa kuwaeleza ameokoa kiasi gani, na fedha hizo azitumie kununua vizima-moto vya kila ghorofa na kuweka vyuma vya madirisha vinavyofunguka kutoka ndani. Hapo hata mpangaji mkaidi ataona kwamba amri ni ya faida yake.

Likitokea la kutokea

Ukimkuta mtu amezimia katika chumba chenye jiko, usikae ndani kumwamsha. Fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi upesi, na mwite jirani. Usimnyweshe maziwa, si dawa ya gesi hii, na aliyezimia anaweza kupaliwa. Mpeleke hospitali hata akizinduka na kusema yuko sawa, na mweleze daktari kwamba palikuwa na jiko la makaa. Tiba yake ni oksijeni, na daktari asipoambiwa anaweza kutibu malaria isiyokuwapo.

Aliyeungua mwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, unga wala yai.

Wenye fleti na kamati za wapangaji wasingoje baridi ya Juni. Wakutane sasa, wapime nafasi iliyopo uani, wakubaliane siku za kuitumia na nani atazima makaa jioni. Mazungumzo na kampuni ya bima yaje baada ya hapo, wakiwa tayari na jambo la kuionyesha.