Maoni: Flipa ya zamani huokolewa kwa kuchezwa, si kwa kung'arishwa

Mtu anayenunua leo, huko Marekani, mashine ya flipa iliyotengenezwa mwaka 1975 ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuing'arisha: kutupa ubao uliochakaa na kuweka mpya, kuufunika kwa vanishi nzito ya magari, kuondoa ampuli zote na kuweka taa za LED zenye rangi kali. Ya pili ni kuuliza kwanza kwa nini mashine ilitengenezwa namna ile, kisha kuirudisha icheze jinsi ilivyocheza siku ilipotoka kiwandani Chicago. Njia ya kwanza inaleta picha nzuri na bei ya juu. Ya pili ndiyo inayookoa mashine. Ubaya ni kwamba soko linalipa vizuri zaidi ile ya kwanza.

Kwa asiyeifahamu, flipa, jina lililotoka kwenye Kifaransa, ni kama ndugu wa baby-foot: mchezo wa kusimama, wa mikahawa na wa jetoni. Wamarekani wanaiita pinball. Mpira wa chuma wenye uzito wa gramu 80 hivi unatelemka juu ya ubao ulioinama, chini ya kioo, na mchezaji anaurudisha juu kwa vikono viwili vinavyosukumwa na umeme. Mpira ukipita kati ya vikono, umepotea.

Vikono hivyo havikuwapo tangu mwanzo. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilikuwa na risori ya kurusha mpira na misumari ya kuupotosha, basi. Mchezaji alirusha, kisha akatazama bahati yake. Kwa sababu hiyo wakubwa wa miji waliziweka katika kundi moja na kamari. Mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, alizipiga marufuku, na polisi wakazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ilitoa Humpty Dumpty, kazi ya Harry Mabs, mashine ya kwanza yenye vikono vya umeme. Ilikuwa na sita, pembeni mwa ubao. Mwaka uliofuata Steve Kordek, aliyekuwa akifanya kazi kwa Genco, aliweka viwili tu, chini kabisa, katika Triple Action. Mpaka leo mashine nyingi zinafuata mpango huo.

Hata hivyo marufuku ya New York ilidumu hadi 1976. Ilianguka wakati mwandishi wa habari kijana, Roger Sharpe, alipocheza mbele ya madiwani. Alitangaza mpira wake utapita njia gani, akavuta risori, na mpira ukapita hapo hapo. Hoja iliyouokoa mchezo huu ilikuwa fupi: huu ni ustadi, si bahati. Ndiyo sababu namna mashine inavyocheza si jambo dogo. Ni msingi wenyewe wa haki yake ya kuwapo. Fundi anayeharibu uchezaji ili kupata mng'ao anaharibu kitu ambacho Sharpe alikisimamia mbele ya madiwani.

Tofauti za uchezaji zinaonekana wazi mtu akilinganisha mashine tatu za nyakati tatu.

Ya kwanza ni El Dorado ya Gottlieb, 1975, iliyobuniwa na Ed Krynski. Ndani yake hakuna kompyuta. Kuna rilei, magurudumu ya kuhesabu na moteri moja inayopanga zamu ya kila kitu, na kengele zinalia kila pointi zinapoingia. Juu ya ubao kuna safu ndefu ya shabaha zinazoanguka zikipigwa. Sheria inaeleweka kwa dakika moja: ziangushe zote. Ugumu uko katika mwendo. Mpira unatembea taratibu, na mchezaji anapata nafasi ya kuisukuma mashine kidogo kwa mikono ili kubadilisha njia ya mpira bila kufungiwa mchezo. Nusu ya ustadi iko mabegani.

Ya pili ni High Speed ya Williams, 1986, ya Steve Ritchie. Hapa kompyuta imeingia, na lengo ni kasi. Mpira ukipigwa vizuri unapanda njia ya mteremko, unazunguka na kurudi wenyewe kwenye kikono, tayari kupigwa tena. Hausimami. Mchezaji mzuri anaingia katika mwendo kama dereva anayezijua kona zote za barabara yake.

Ya tatu ni The Addams Family, 1992, ya Pat Lawlor, iliyouzwa zaidi ya mashine 20,000. Lawlor hakufuata mtiririko wa Ritchie. Aliusimamisha mpira. Kuna kiti cha kuuzuia, mkono unaotoka kwenye sanduku na kuunyakua, na sumaku zilizofichwa chini ya ubao zinazouvuta huku na huku. Mchezaji anasubiri, anafikiri, kisha anachagua. Ni mchezo wa hesabu na wa mshtuko.

Hakuna iliyo bora kwa wote. Lakini kila moja inadai fundi wake afanye kitu tofauti, na hapo ndipo dawa moja ya kung'arisha kila mashine inaposhindwa.

El Dorado ikiwekewa vanishi nene inayoteleza, kisha miguu ya nyuma ikainuliwa kupita kiasi, mpira unakimbia. Nafasi ya kusukuma kwa mabega inakwisha. Wapo pia wanaohamisha waya kwenye transfoma. Gottlieb waliweka pale sehemu ya kawaida na sehemu ya nguvu zaidi, kwa ajili ya mahali ambako umeme unafika dhaifu. Mkaaji wa mji ambako ampuli hufifia kila jioni ataelewa haraka sababu yake. Kuitumia sehemu hiyo mahali ambako umeme uko sawa kunavipa vikono nguvu ambayo Krynski hakuihesabu. Mpira unapiga kwa kishindo, shabaha zinavunjika, na mchezo uliobuniwa kwa utulivu unakuwa vurugu.

High Speed inataka kinyume chake. Vikono vikilegea kidogo tu, mpira haufiki juu ya mteremko, na mchezo wote umekufa hata kama sanduku linang'aa. Kazi ya kwanza ni kufungua vikono, kubadilisha piesi zilizoliwa na kusafisha au kubadilisha swichi inayokata umeme mkubwa kikono kinapofika mwisho. Ni kazi ya chini ya ubao. Haionekani katika picha ya kuuzia, lakini bila hiyo hakuna mchezo.

Wanaotetea mng'ao wana hoja, na ni haki kuzisikiliza. Vanishi inalinda mbao. Mpira wa chuma unaopita mahali pamoja maelfu ya mara unakula rangi mpaka kwenye mti, na rangi ikishakwenda hairudi. LED nazo hazitoi joto kama ampuli za zamani, na joto hilo ni moja ya sababu rangi ya kioo cha nyuma inabanduka vipande vipande. Haya ni kweli. Lakini kulinda ni jambo moja, kugeuza ni lingine. Vanishi nyembamba juu ya rangi ya asili inalinda. LED yenye mwanga wa joto, iliyochaguliwa ili mchoro uonekane jinsi mchoraji alivyoutaka, inalinda. Taa ya buluu kali nyuma ya mchoro uliopakwa kwa ajili ya mwanga wa manjano inaufuta mchoro huo hata kama rangi haijabanduka.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko vanishi, nayo ni kupotea kwa ujuzi. Mashine ya mwaka 1965 ilitoka kiwandani na mchoro mzima wa nyaya zake ndani ya sanduku. Mtengenezaji alijua itaharibika mbali na Chicago, na kwamba mtu wa huko ataitengeneza kwa tupa, kitambaa na macho. Fundi anayeujua mchoro huo anafuata umeme kutoka rilei hadi rilei mpaka apate sehemu mbili ambazo hazigusani. Mara nyingi ugonjwa ni huo tu: uchafu, au mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi. Asiyejua anapuliza mafuta kila mahali, na miaka miwili baadaye mashine imekwama kabisa.

Mashine za kompyuta za kuanzia 1977 zina ugonjwa wao. Betri ndogo iliyolehemiwa kwenye kibao, kwa ajili ya kutunza pointi za juu, inavuja inapozeeka na kula njia za shaba. Dawa yake ni rahisi: itolewe kabla haijavuja. Dawa ya mng'ao haigusi hapo. Yapo masanduku yaliyopakwa rangi upya, yenye vibao vinavyooza ndani.

Leo mashine mpya zina vibao vidogo ambavyo fundi huving'oa na kubadilisha vizima, kwa sababu kuvitengeneza kunahitaji vyombo ambavyo hana. Kampuni zinasema ndivyo teknolojia ilivyo. Labda. Lakini kampuni ikifungwa, kibao kinatoka wapi? Swali hilo si la kubuni. Mwaka 1999 kampuni mama ya Williams ilifunga kazi yake ya flipa, ikiwa jina kubwa kuliko yote. Mashine zake zinaishi mpaka leo kwa sababu vitabu vyake vilikuwa na michoro ya umeme, na watu wengine waliweza kutengeneza piesi kwa kuifuata.

Kwa hiyo madai yanayofaa kutolewa ni matatu. Watengenezaji wa leo watoe michoro yote pamoja na mashine, kama walivyofanya watangulizi wao. Wauzaji wa mashine za zamani waandike kilichobadilishwa, ili mnunuzi ajue kama anapata kazi ya Krynski au ya mpaka rangi. Na wenye makusanyo wafungue milango. Jumba la Pacific Pinball Museum huko Alameda, California, linatoza kiingilio kisha mgeni anacheza, na Pinball Hall of Fame ya Las Vegas inapokea sarafu kama zamani. Mashine zao huharibika kila wakati, na huo ndio uzuri wake. Kila inapoharibika, lazima awepo mtu anayejua kuitengeneza, na kijana anayesimama karibu akitazama. Mashine iliyofungiwa gereji ikisubiri bei ipande haiharibiki, wala haimfundishi mtu yeyote.