Ada ya senti kwenye mtandao uliozimika

Mkulima wa chai wa Sigowet anashauriwa hivi: akitaka kuweka bonasi yake kwenye sarafu za kidijitali, atumie Solana, si Ethereum, kwa kuwa ada zake hubaki senti hata soko likichemka.

Ada nafuu yamfaa nini mtu ambaye muamala wake hauendi? Septemba 14, 2021, roboti ziliivamia Solana kwa miamala hadi 400,000 kwa sekunde. Mtandao ukazimika kwa takriban saa 17.

Dhaifu kuliko yote ni dai kwamba senti hizo humlinda mnyonge. Kituo cha chai kikipokea kila gunia bila kukagua, wajanja watajaza nyasi kwenye lori, na majani ya mwenye robo ekari yatanyaukia foleni. Roboti hustawi pale kurusha muamala kunapokuwa karibu bure.

Eti ada za Ethereum ni tamaa tupu! Tangu Agosti 2021 ada yake ya msingi hupanda hadi asilimia 12.5 kila bloku inapojaa, kisha huteketezwa. Haimnufaishi yeyote anayethibitisha miamala.

Usiku wa kuamkia Mei 1, 2022 uliipima mitandao yote miwili. Mauzo ya viwanja vya kidijitali vya Otherside yaliwatoza wanunuzi kwenye Ethereum ada ya maelfu ya dola, jambo linaloumiza kweli, lakini mtandao haukuzimika. Usiku huohuo roboti ziliizima Solana kwa takriban saa 7.

Baadaye mwaka huo Solana ilileta ada za kipaumbele: mwenye haraka alipe zaidi. Wahandisi wake waliiacha hoja ya ada ya senti zamani. Watetezi wake bado wanaiuza.