Jeraha Lisilotoka Damu Nalo ni Jeraha

Ipo tabia moja iliyoota mizizi katika ofisi zetu, katika shule zetu na katika mabaraza ya vijiji vyetu, nayo ni ya kuamini kwamba askari aliyeumia ni yule tu aliyerudi na mguu mmoja au na kovu usoni. Askari aliyerudi na viungo vyake vyote, lakini akawa anasahau alichotumwa dukani, anashtuka mlango ukigongwa, halali usiku na anakasirika bila sababu inayoonekana, huyo hatuna jina la heshima la kumpa. Huitwa mlevi. Huitwa mkorofi. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Tabia hiyo yafaa kupigwa vita, maana ni dhuluma juu ya watu walioilinda nchi hii, na siku hizi haina hata kisingizio cha kutojua.

Elimu ya tiba imekwisha kuonyesha kwamba mshindo wa mzinga ni zaidi ya kelele. Silaha kubwa inapofyatuliwa, hewa husukumwa kwa nguvu ya ghafla, na wimbi hilo huenda kwa kasi kuliko sauti. Hufika kwenye mwili wa mpigaji mwenyewe, hupita katika fuvu la kichwa, na ndani ya ubongo hukutana na vitu vya uzito mbalimbali: nyama laini, mishipa ya damu na maji. Kila kimoja hutikisika kwa namna yake, na pale vinapopakana ndipo panapoumia. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Daniel Perl walitangaza katika jarida la Lancet Neurology kwamba wamekuta makovu katika mipaka hiyo, ndani ya bongo za wanajeshi marehemu waliokuwa wamepigwa na mishindo ya milipuko. Mwaka 2024 uchunguzi mwingine wa askari 30 wa vikosi maalumu vya nchi hiyo ulionyesha kwamba kadiri askari alivyokuwa amepata mishindo mingi, ndivyo yalivyoonekana mabadiliko katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuzuia hasira na kupanga mawazo.

Jambo la kuzingatiwa ni hili: mishindo hiyo si lazima itoke kwa adui. Mingi hutoka katika silaha za askari mwenyewe, na mingi hupatikana katika mazoezi, wakati wa amani. Silaha za begani za kubomolea vifaru, ambazo hutupa moto na hewa kwa nyuma, humpiga mpigaji na msaidizi wake kwa pamoja. Mizinga ya mota humpiga yule anayeinama kando ya mtutu. Ukuta au handaki huyarudisha mawimbi hayo, yakampiga mtu mara ya pili. Mshindo mmoja mdogo huenda usimfanye mtu lolote. Ni wingi wake, siku baada ya siku na mwaka baada ya mwaka, unaotia hofu. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka.

Hapo ndipo anapoonekana mtu anayesahauliwa kuliko wote, yaani mkufunzi. Kuruta hutupa bomu lake la mkono mara chache, akamaliza kozi, akaenda zake. Mkufunzi hubaki palepale kumngojea kuruta anayefuata, na kundi linalofuata, na mwaka unaofuata. Tarehe 25 Oktoba 2023, katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, mwanajeshi wa akiba wa Marekani aliua watu 18 kwa bunduki. Alikuwa amefanya kazi kwa miaka katika uwanja wa kufundishia mabomu ya mkono, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa umeharibika. Wachunguzi hawakusema kwamba uharibifu huo peke yake ndio uliomtuma kuua, na sisi hatusemi hivyo. Lakini ni nani awezaye kusema kwamba habari hiyo haituhusu?

Wananchi wa Masasi na Newala wana sababu zaidi ya kulifikiri jambo hili, kwani ardhi yao imesikia mizinga kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwezi Oktoba 1917 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipambana Mahiwa na Lukuledi, kisha vita vikavuka uwanda wa Makonde hadi mto Ruvuma. Mizinga iliyotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji mwaka 1915, baadhi yake ilikokotwa hadi nchi za kusini kwa mabega ya Waafrika. Baadaye, katika vita vya ukombozi vya Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964, wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea, jirani na Masasi. Ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, na makombora yale yaliyorushwa kwa mfululizo, ambayo watu wa Uganda waliyabatiza jina la Saba Saba. Katika miaka ya karibuni vijana wetu wametumwa Kongo ya mashariki na Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma.

Katika vita ile ya kwanza wakoloni wenyewe walitupa somo. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la Lancet kuhusu askari wa Uingereza waliopoteza kumbukumbu na hata uwezo wa kuona baada ya makombora kulipuka karibu nao. Je, serikali yao ilifanya nini? Makamanda wengi waliwaona askari wa namna hiyo kuwa waoga. Askari 306 walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama kutoroka na woga, na inaaminika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa. Msamaha ulitolewa mwaka 2006, karibu miaka tisini baadaye, wakati wenyewe walikwisha kuwa mavumbi. Hiyo ndiyo gharama ya kumhukumu mgonjwa kabla ya kumpima. Askari wa Kiafrika na wapagazi wao hawakupata hata daktari wa kuandika habari zao.

Wako watakaosema kwamba askari ni lazima awe mgumu, na kwamba maneno haya yatawalegeza vijana. La hasha! Askari asiyekumbuka amri aliyopewa dakika tano zilizopita si askari mgumu; ni hatari kwake mwenyewe na kwa wenzake. Bunduki hupanguswa na kutiwa mafuta ili idumu. Iweje akili inayoiongoza bunduki hiyo isitunzwe?

Wengine watasema kwamba watu watajisingizia ugonjwa ili walipwe. Dawa ya uongo ni kumbukumbu zilizoandikwa vizuri. Kijana akipimwa kumbukumbu na wepesi wa fikra siku anapoingia jeshini, akapimwa tena kila baada ya muda, nani ataweza kudanganya? Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kwa waraka wa Agosti 2024, iliagiza kuruta wapimwe hivyo tangu mwanzo, ikaweka pia kiwango cha mshindo cha kuchukua tahadhari, ambacho ni karibu kilopaskali 28, yaani zaidi kidogo ya robo ya mgandamizo wa hewa ya kawaida.

Watakaosema kwamba fedha hazipo nao wajibiwe. Daftari la kuandika kila askari amefyatua silaha gani na mara ngapi halihitaji fedha za kigeni. Kumsogeza nyuma asiyehitajika karibu na mtutu hakuhitaji mkopo. Kuwapokeza zamu wakufunzi wa mabomu, ili mtu mmoja asikae uwanjani miaka yote, kunahitaji ratiba na nidhamu tu. Vipimo vya kumbukumbu vya kuanzia vyaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Kinachotakiwa ni nia.

Sehemu kubwa ya wajibu huu ni ya wasomaji wa ukurasa huu. Mganga wa hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au ya Newala anapoletewa mtu mzima mwenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha, masikio yanayovuma na usahaulifu, amuulize swali moja la ziada: umewahi kufanya kazi na mizinga au mabomu, na kwa miaka mingapi? Karani anayepokea maombi ya askari mstaafu asimrudishe nyumbani kwa sababu tu hana kovu la kuonyesha. Mwalimu, ambaye mlinzi wa shule yake huenda ni askari wa zamani, asimfanye mzee huyo kichekesho cha wanafunzi kwa kuwa amesahau funguo. Ajue pia kwamba mtoto anayetoka katika nyumba yenye hasira zisizoelezeka anahitaji kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa.

Haitupasi kusema kwamba kila askari mwenye hasira ameumizwa na mshindo. Huzuni ya vita, pombe na umaskini navyo hufanya kazi yake, na mara nyingi hufuatana. Lakini kutenganisha hayo ni kazi ya mpimaji, nasi hatuwezi kuifanya kwa kunong'ona barazani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na taifa linaloficha maradhi ya walinzi wake litaumbuliwa vilevile.

Basi daftari zifunguliwe na vipimo vianze kwa kuruta wa kundi lijalo, na wastaafu waliomo vijijini waitwe, wasikilizwe, wapimwe. Kijana aliyeapa kuitoa roho yake kwa nchi hakuapa kuitoa akili yake kwa uzembe wa ofisi.