Mtihani Unaousomea Haupo Tena

Sehemu ya kusahihisha sentensi imeondolewa kwenye GMAT, mtihani wa kuombea shahada ya uzamili ya biashara.

Imeondolewa. Haikupunguzwa, haikuhamishiwa kwingine, haikubadilishwa jina. Toleo la zamani la mtihani lilifanyika kwa mara ya mwisho tarehe 31 Januari 2024. Tangu hapo mtahiniwa wa GMAT hapewi tena sentensi ya Kiingereza iliyopigwa mstari, na machaguo matano ya namna ya kuiandika, la kwanza likirudia sentensi yenyewe ilivyo.

Lakini mazoezi yake bado yanafanywa. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wapo watu wazima, wenye kazi na watoto, wanaotafuta nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara nje ya nchi. Wanarudi nyumbani jioni, wanakula, kisha wanakaa kupiga msuli juu ya sehemu hiyo hiyo. Wanakariri kanuni za nyakati za vitenzi. Wanapima dakika kwa simu. Wanashangilia wakipata kumi kwa kumi.

Hizo kumi hazimo kwenye mtihani.

Naandika haya kwa haraka kwa sababu madhara yake hayaonekani mapema. Anayesomea mtihani usiokuwepo hajisikii kwamba anapotea. Anajisikia anaendelea. Anazoea maswali, kasi inapanda, moyo unatulia. Atagundua siku ya mtihani, mbele ya kompyuta, ada ikiwa imekwisha kulipwa.

Na ada si ndogo. Inazidi dola 200 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi nusu milioni za Tanzania, na hairudishwi kwa sababu umeulizwa usichokisoma. Ukitaka kurudia, unasubiri siku 16 na unalipa upya. Ndani ya miezi 12 unaruhusiwa kufanya mara tano tu. Vyuo vikubwa vya biashara vya Marekani na Ulaya navyo havikungoji: raundi ya kwanza ya maombi kwa kawaida hufungwa Septemba, ya pili mwanzoni mwa Januari. Ukikosea Agosti, Septemba imekupita. Ukikosea Desemba, umeahirisha mwaka mzima, na ufadhili uliokuwa unauwania amepewa mwingine.

Kwa hiyo jueni mtihani ulivyo sasa.

Toleo jipya lilianza Novemba 2023. Lina sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, na uchambuzi wa takwimu, uitwao Data Insights, maswali 20. Jumla ni saa mbili na robo. Insha imeondolewa. Jiometri imeondolewa. Kusahihisha sentensi kumeondolewa. Alama zinaanzia 205 hadi 805, na zote huishia na tano.

Kipimo hicho cha mwisho kinatosha kulitambua desa la zamani. Fungua kurasa za mwanzo. Ukikuta alama zinaanzia 200 hadi 800, ni la zamani. Ukikuta sehemu ya lugha ina maswali 36 kwa dakika 65, ni la zamani. Ukikuta sura yenye kichwa Sentence Correction, ni la zamani, hata kama jalada linang'aa na muuzaji anaapa kwamba limeingia wiki hii. Vitabu rasmi vya mwaka 2022 na vya kabla yake vyote viko kundi hili.

Madesa haya yanatoka wapi? Yanatoka kila mahali. Faili linarushwa kwenye kundi la WhatsApp, anayelipokea analirusha kundi la pili, na hakuna anayeuliza ni la mwaka gani. Kitabu cha mtumba kinafika, steshenari inatoa fotokopi, fotokopi inazaa fotokopi, ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa unabaki njiani. Mwalimu wa tuisheni aliyefanya mtihani mwenyewe miaka kumi iliyopita, akafaulu vizuri, anafundisha alichofaulia. Hata programu za akili unde, ukiziomba zoezi la GMAT bila kutaja toleo, zinaweza kukutungia sentensi za kusahihisha, maana zimejaa maandishi ya miaka ambayo sehemu hiyo ilikuwepo. Karibu wote hawa wanatoa kwa nia njema. Ndiyo maana ni vigumu kuwashtukia.

Hasara kubwa haiko kwenye muda uliopotea tu. Iko kwenye kile ambacho muda huo ungekijenga.

Tazama hesabu. Katika mtihani wa zamani, kusahihisha sentensi kulichukua takriban theluthi ya maswali ya lugha. Nafasi hiyo sasa imechukuliwa yote na ufahamu wa habari na upimaji wa hoja. Na sehemu ya takwimu, ambayo zamani haikuingia kabisa kwenye alama kuu, leo ina uzito sawasawa na hesabu na lugha. Theluthi moja ya alama zako! Anayejifunza kwa desa la zamani anaingia na theluthi hiyo akiwa mtupu. Hajawahi kusoma jedwali, grafu na barua pepe mbili kwa pamoja, kisha ajibu swali ambalo jibu lake limegawanyika katika hivyo vyote. Hajui kwamba kikokotoo kinaruhusiwa hapo na hakiruhusiwi kwenye hesabu. Hajui kwamba anaweza kurudi nyuma na kubadili majibu hadi matatu katika kila sehemu. Anafanya mtihani wa kwanza kama mgeni.

Upimaji wa hoja nao una mazoea yake, na mazoea hayaji kwa wiki moja. Chukua mfano huu. Kampuni ya mabasi ilipunguza nauli mwezi Juni. Julai abiria wakaongezeka. Meneja akasema nauli ndogo ndiyo iliyowaleta. Swali litakuuliza ni taarifa ipi inadhoofisha hoja ya meneja. Labda Julai shule zilifungwa. Labda ilikuwa msimu wa Sabasaba na watu walikuwa wanaingia mjini. Labda kampuni nyingine ya njia hiyo hiyo iliegesha mabasi yake. Hakuna kanuni ya sarufi itakayokupa jibu hapo. Unatakiwa kuona pengo kati ya alichokiona meneja na alichohitimisha, ulione kwa Kiingereza, kwa muda usiofika dakika mbili.

Mtu wetu aliyejifunzia Kiingereza darasani anaweza kabisa kulifanya hilo. Nasisitiza. Sehemu iliyoondolewa ilimpendelea aliyekulia ndani ya lugha, ambaye sentensi mbovu inamkera sikioni kabla hajajua kanuni. Sehemu zilizobaki zinampendelea anayefikiri taratibu na kusoma sana. Mabadiliko haya yana heri kwetu. Itakuwa uchungu mkubwa tukiyakosa kwa sababu ya faili la zamani.

Sasa, sikuambii utupe kila kitu. Katika vitabu vya zamani, maswali ya ufahamu na ya kupima hoja bado yanafaa, na mengi ni mazuri sana. Maswali yanayouliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu yamehamia sehemu ya takwimu. Mbinu yake haijabadilika. Rarua jiometri, insha na sentensi. Baki na hayo mengine.

Wala sikuambii uache sarufi ya Kiingereza. Hapa pana hatari ya pili, na inasambaa kwa kasi ile ile: mtu anasikia kwamba sarufi imeondolewa, anaipeleka habari hiyo kwenye mtihani usiohusika.

SAT haijaondoa sarufi.

Kijana wa kidato cha nne au cha sita anayewania chuo cha Marekani asidanganyike. SAT sasa inafanywa kwa kompyuta. Nje ya Marekani ilianza hivyo Machi 2023, Marekani kwenyewe Machi 2024. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, na takriban robo yake ni kanuni za sarufi na uandishi: kiima na kitenzi kupatana, nyakati, mahali pa nukta na mkato, sentensi mbili zilizobandikwa bila kiungo halali. Kilichobadilika ni umbo. Zamani ilikuwa vifungu virefu vyenye maswali mengi. Leo ni kifungu kifupi, swali moja, kisha kingine. Anayefanya mazoezi kwa vitabu vya karatasi vya zamani anajenga pumzi ya mbio ambazo hazipo.

IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, haina karatasi ya sarufi, lakini sarufi ni robo ya alama za kuandika na robo ya alama za kuzungumza. Huko hakuna machaguo matano. Kuna wewe, karatasi tupu na mtahini. Aliyetumia miezi kuchagua sentensi sahihi kati ya tano anaweza asijue kuandika yake moja. Nimesoma barua za maombi za watu waliobobea kwenye machaguo, na aya ya kwanza tu inatosha kuonyesha kwamba mkono haukuzoezwa.

Kwa hiyo sarufi ijifunze kwa kuandika. Aya moja kila siku, juu ya jambo la kazini kwako. Mtu anayejua akusahihishe. Uiandike upya yote, usirekebishe makosa peke yake. Inachosha, najua. Haina alama ya kumi kwa kumi ya kukufurahisha. Fanya hivyo hivyo.

Na kabla ya yote, kabla hujafungua desa lolote, fanya jaribio moja rasmi. Wamiliki wa GMAT, baraza la GMAC, wanatoa majaribio mawili kamili bila malipo kwenye tovuti yao ya mba.com. SAT inayo programu yake, Bluebook, na ndani yake kuna majaribio kamili ya bure. Khan Academy wana masomo ya bure yanayoendana nayo. Hakuna sababu ya kumlipa mtu akuuzie fotokopi ya mwaka 2015 ilhali mtihani wenyewe, katika sura yake ya leo, umewekwa wazi bila senti. Fanya jaribio hilo wiki hii. Usingoje uwe tayari. Litakuonyesha mtihani unauliza nini na wewe umesimama wapi, na hayo mawili ndiyo ratiba yako ya masomo.

Ukipata alama zako, zisome kwa kipimo kipya. Alama 645 za sasa zinalingana na 700 za zamani kwa nafasi inayokuweka kati ya watahiniwa. Kuna watu wanaopata 645 wakalia, kwa sababu rafiki yao alipata 700 mwaka 2019. Kuna wanaokwenda kulipia marudio wasiyoyahitaji. Zamani ilikuwa mizani nyingine.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni la kuogopwa. Penye kiu ya maswali mapya huja wauzaji wa maswali ya wizi. Watakwambia wana maswali halisi, yaliyotoka wiki iliyopita, kwa bei ya kuelewana. Usinunue. Usiyafungue hata ukipewa bure. Mwaka 2008 mahakama nchini Marekani iliiamuru tovuti ya Scoretop iliyokuwa ikisambaza maswali ya GMAT iilipe GMAC zaidi ya dola milioni 2. Jambo halikuishia kwa wenye tovuti. Baraza lilifuatilia waliokuwa wakiitumia, likafuta alama za watahiniwa 84, na vyuo vikaarifiwa. Baadhi yao makosa yao yalikuwa kuandika tu kwamba wamekutana na maswali hayo kwenye mtihani. Alama zikifutwa kwa udanganyifu, chuo hakikuulizi kama ulilipia au ulirushiwa.

Walimu wa tuisheni, nanyi mnasikia. Wanafunzi wanawaamini kuliko tovuti. Anayelipa ada yako anaamini umehakikisha kwamba unachomfundisha kipo. Kama hujafanya jaribio rasmi la toleo jipya wewe mwenyewe, simamisha darasa wiki moja ulifanye. Kama umeshalisha darasa zima sentensi za zamani, waambie kesho asubuhi, kabla hawajalipia tarehe ya mtihani. Watakasirika siku moja. Januari bado watakuwa na nafasi.

Na wewe msimamizi wa kundi la WhatsApp, lile faili kubwa ulilolibandika juu ili kila anayeingia alione, liondoe leo. Usiliachie maelezo chini yake kwamba baadhi ya sehemu zimepitwa na wakati. Maelezo hayasomwi, faili linapakuliwa. Lifute, uweke kiungo cha majaribio rasmi mahali pake. Atakayejiunga mwezi ujao ataanza na kile atakachokikuta.